Pikapu Iliyopanda Vidole Vinne

Kwa Khamisi fundi matairi, pale Nzuguni kando ya barabara, hakuna anayebadilisha tairi peke yake. Ukishapaki tu, benchi linajaa. Wanakuja wa bodaboda waliokosa abiria, anakuja muuza kahawa, anakuja pia mzee mmoja ambaye hana hata baiskeli lakini ana neno juu ya kila gari linalopita. Jumatatu ile walikuwa wamekusanyika kutazama pikapu ya Stanley Chilongani ikipandishwa jeki, na kila mmoja alikuwa fundi.

Matairi manne makubwa, mitumba ya ply nane, aina ya kubebea mizigo, yenye meno ambayo bado hayajalika, yalikuwa yameegemezwa ukutani. Stanley aliyatazama kwa namna ambayo hakuwa amekitazama kitu kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mpole wa miaka hamsini na nane, asiyependa kelele, na siku tatu nyuma alikuwa ameaibishwa. Alikwenda Mtumba kwenye jengo moja linaloanza kuchimbwa msingi, akaomba kazi ya kusomba mawe. Karani wa mizigo, kijana anayeitwa Respicius, hakuinuka hata kitini. Aliitupia jicho ile pikapu ya chini na kuuliza, mbele ya madereva wengine, kama ni ya kubebea mchicha. Kisha akaeleza kwamba gari lisiloweza kupakia tani moja na nusu yeye halipokei. Madereva walicheka. Stanley naye akacheka, kile kicheko cha mtu asiye na ubavu wa kukasirika.

Khamisi hakuwa tapeli, na hilo ni lazima lisemwe. Alipomaliza kukata kipande cha madigadi ili tairi lisisuguane na bati, alifuta mikono na kumwambia ukweli.

"Mzee Stanley, tairi litabeba. Lakini springi ni zile zile. Tungeongeza blade moja kila upande, gari lisikalie makalio ukishapakia."

Stanley aliuliza bei, akaambiwa, akapapasa mfuko wa shati ingawa alijua kilichomo. Laki tisa ilikuwa imekwisha ondoka, na bado matairi ya zamani pamoja na rimu zake yalihesabiwa kama sehemu ya malipo. Akasema blade ataweka baadaye. Kabla ya saa sita mchana yale matairi ya zamani yalikuwa yamefungwa kwenye gari la mtu mwingine na yako njiani kwenda Kongwa.

Jeki iliposhushwa, Khamisi aliweka kiganja chake ubavuni mwa gari akapima. Lilikuwa limepanda vidole vinne kamili. Benchi zima likasifu, mzee asiye na baiskeli akasema sasa ndiyo gari. Stanley aliondoka kifua mbele. Katika watu wote wale, wenye macho yote yale, hakuna aliyewaza kwamba gari likipanda na kiti kinapanda. Wengine nawasamehe, hawakuwa na sababu ya kuwaza. Stanley alikuwa nayo.

Mkewe Jenifa alipigwa na kiharusi miezi minne iliyokuwa imepita. Mdomo ulirudi sawa, mkono wa kushoto ulirudi nusu, mguu ulikataa. Kila Jumanne na Alhamisi alipelekwa hospitali kufanya mazoezi ya viungo kwa dada mmoja aitwaye Swaumu, ambaye hakuwa na tabia ya kuwafariji watu kwa uongo. Swaumu alikwisha waeleza kwamba miezi sita ya kwanza mguu unasikia, ukiuita unaitika. Ikipita hiyo, unakuwa kiziwi. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na miezi miwili mkononi na kila mtu ndani yake alijua.

Kuna jambo moja tu ambalo Jenifa alilifanya bila kusaidiwa. Kuoga alisaidiwa na jirani yake Tabu. Kuvaa alisaidiwa, kupika alipikiwa, chooni alisindikizwa mpaka mlangoni. Lakini kuingia kwenye pikapu alijifundisha mwenyewe. Aliegemeza mkongojo kwenye mlango, akakipa kiti mgongo, akakipapasa kwa makalio mpaka aupate ukingo wake, akakaa. Kisha aliuinua mguu wa kushoto kwa mikono miwili, kama anampakata mtoto wa mtu, akauingiza ndani. Stanley alikuwa na adabu ya kutazama pembeni wakati huo. Akishafunga mlango mwenyewe, Jenifa alitulia kitini na kunyoosha kilemba chake, na kwa mwendo wote mpaka hospitali alikuwa mtu anayesafiri na mumewe.

Jumanne ile alitoka nje akakuta gari limesimama mbele ya nyumba na Stanley amelizunguka akitabasamu. Alilisifia kwanza, maana aliona mume wake anasubiri kusifiwa. Kisha akaegemeza mkongojo, akageuka, akarudi nyuma taratibu. Kiti kikamgusa mgongoni.

Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu aliteleza na Stanley akamdaka kwapani. Stanley akakimbilia kreti la soda ndani, akaliweka chini liwe ngazi. Jenifa alikanyaga kwa mguu wa kulia, wa kushoto haukufuata, kreti likalala upande na yeye akalalia mlango. Hapo ndipo msaada ulipokuja, na msaada wa mtaani haubishi hodi. Optatus alitoka dukani kwake, dereva wa bodaboda akateremka kwenye pikipiki yake, wakamshika huyu miguu huyu mabega, wakahesabu moja mbili tatu. Kitenge kilipanda mpaka mapajani. Kiatu kimoja kilianguka na Optatus akakiokota, akakipangusa vumbi, akasema kwa nia njema kabisa kwamba mama Debora ni mzito huyu, ugonjwa uko wapi. Watu wakacheka vizuri tu. Jenifa aliwashukuru wote.

Walipokuwa wanarudi kutoka hospitali, baada ya kushushwa na kupandishwa tena, aliuliza swali moja.

"Matairi ya zamani yako wapi?"

"Khamisi ameyachukua."

"Yote?"

"Yote."

Kazi ya Mtumba ilipatikana. Respicius alizunguka gari mara moja, akapiga teke tairi la mbele, akaliandika namba. Masharti yalikuwa machache: safari tatu kwa siku, ya kwanza ifike kabla ya saa tatu asubuhi, na atakayekosa hata moja nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Magari yalikuwa yanapanga foleni kuitaka kazi ile, kwa hiyo hakuna aliyebisha.

Mawe yalitoka kwenye vilima vya upande wa Ihumwa. Stanley alipakia alfajiri akaendesha peke yake kwenye barabara nyeupe kwa vumbi, gari likikazana. Matairi makubwa yaliifanya injini iwe nzito kuamka, ilibidi abaki gia ya pili mahali ambapo zamani aliingiza ya tatu, na breki ziliomba nafasi zaidi kabla ya kukubali. Haya aliyazoea. Ambacho hakukizoea ni kile kiti cha kushoto. Zamani, siku asizokuwa na mteja, alimchukua Jenifa wakazunguka tu, wakanunua zabibu, wakakaa garini na kula. Sasa alinunua chapati mbili akala moja, ya pili akaifunga kwenye gazeti na kuiweka kitini kwa ajili yake. Ilipofika jioni ilikuwa imekauka na aliona haya kumpa.

Nyumbani Jenifa alikaa kwenye kigoda mlangoni. Tabu alimwogesha, akampa uji, akaenda kwenye genge lake. Baada ya hapo hapakuwa na mtu mpaka jua linazama. Kivuli cha nyumba kilipohama na yeye alihamisha kigoda, kazi ya robo saa, na aliifanya polepole makusudi ili imalize muda. Debora, binti yao wa pekee anayefundisha Mwanza, alipiga simu Jumapili na kuuliza mguu. Jenifa alisema unaendelea. Kisha mtandao ukakata, na alibaki ameishika simu sikioni kwa muda, akisikiliza kimya.

Kwa ajili ya Alhamisi Stanley alimtafutia bajaji. Aliona ametatua tatizo. Bajaji ni ya chini, mtu anaingia bila shida, na dereva alilipwa kwenda na kurudi. Ila bajaji haikuruhusiwa kuingia getini. Dereva alimteremsha nje, akasema atarudi, akafuata abiria mwingine. Kutoka getini mpaka kwa Swaumu ni mbali kwa mtu wa mguu mmoja. Jenifa alisimama ukutani apumzike, mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine ameunyoosha kushika ukuta, kiganja wazi. Mlinzi akamjia. Hakuwa mkali. Alimwambia tu kwamba ombaomba hawaruhusiwi pale, asogee ng'ambo ya barabara.

Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa neno hilo linavyomwingia. Amelisikia Dar es Salaam, amelisikia kwenye mabasi, ametaniwa nalo na wageni waliohamia kwake juzi. Jenifa alikuwa amevuka maisha yake yote bila kumwomba mtu hata chumvi. Alivuka barabara akakaa kwenye jiwe, akasubiri bajaji kwa saa mbili, akarudi nyumbani bila kumwona Swaumu. Stanley alipouliza safari ilikuwaje, alijibu kwamba alifika salama.

Jumanne iliyofuata alimwambia dereva wa bajaji kwa simu asije, mumewe atampeleka. Alhamisi akafanya vile vile. Pesa aliyoachiwa aliiweka chini ya godoro. Kila jioni Stanley alirudi amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, akakaa, akauliza Swaumu anasemaje, na Jenifa akajibu anasema naendelea. Stanley alimshukuru Mungu akalala. Walikuwa wawili tu katika nyumba ile na kila mmoja alikuwa peke yake, nami sijui upweke mbaya kuliko huo wa kushiriki shuka.

Simu ya Swaumu ilimkuta Stanley kilimani, Jumanne, saa mbili kasoro asubuhi. Wapakiaji walikuwa wameweka jiwe la mwisho na bodi imejaa pomoni.

"Shikamoo baba. Samahani, mgonjwa wangu mmemhamishia hospitali nyingine?"

"Marahaba. Hapana. Si anakuja?"

"Sijamwona tangu Jumanne ile uliyomleta wewe. Leo ni wiki mbili. Baba, muda niliwaambia."

Kwenye njia panda, upande mmoja ni Mtumba na upande wa pili ni Nzuguni. Kulikuwa na muda wa kumwaga mzigo kwanza, ukienda mbio na usipokutana na foleni. Stanley aliwasha taa ya kushoto, akaizima, akakata kulia kwenda nyumbani. Alikanyaga mafuta, na hakujua kama ni kwa hasira au kwa aibu. Naona vilikuwa vyote.

Alimkuta kwenye kigoda. Jenifa alipoliona gari saa ile alijua.

"Kwa nini umenidanganya?" Stanley aliuliza akiwa bado anashuka.

"Ungenitafutia bajaji nyingine."

"Bajaji ina ubaya gani?"

Akamweleza. Alimweleza kwa sauti ya kawaida, kama anasimulia mambo ya sokoni: geti, ukuta, kiganja, mlinzi, ng'ambo ya barabara. Stanley alisikiliza amesimama, funguo mkononi. Jenifa alipomaliza, mume alitoa lile la kwanza lililomjia mdomoni.

"Basi nitakubeba mwenyewe. Kila siku. Sitamwita mtu."

"Sitaki kubebwa, baba Debora. Wewe, Optatus, bodaboda, yote ni kubebwa. Nilikuwa na kitu kimoja ninachokiweza, nawe ukakipandisha juu." Sasa sauti ilikuwa imepanda. "Uliwapimia watu wa Mtumba mawe yao. Mimi hukunipima."

"Nilitaka hela ya matibabu yako."

"Najua. Ndiyo maana sikukugombeza."

Aliushika mkongojo, akasimama. Stanley alitaka kumsaidia, akakatazwa kwa jicho. Jenifa alitaka kumwonyesha mara moja tu, kwa mwili wake mwenyewe, kiti kile kinamfikia wapi, ili siku nyingine asiseme hakujua. Alivuka uwanja hatua kwa hatua. Alifungua mlango wa kushoto, akaegemeza mkongojo, akageuka, akarudi nyuma kwa nguvu akitegemea kujigonga mgongo.

Hakujigonga. Ukingo wa kiti ulimpokea chini ya makalio, pale pale ulipokuwa unampokea zamani, naye akajikuta amekaa.

Walitazamana. Stanley aliinama akaangalia chini ya gari. Tani moja na nusu ya mawe ilikuwa imezilaza springi mpaka karibu ziguse ekseli. Gari lilikuwa limekalia makalio kama Khamisi alivyosema litafanya, na vile vidole vinne vilikuwa vimeliwa na uzito. Jenifa aliuinua mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akauingiza ndani. Alifunga mlango mwenyewe.

"Twende," alisema.

Kwenye geti la hospitali mlinzi alikataa gari lenye mawe, na alikuwa na haki. Wakalipaki nje, wakatembea wote wawili ule umbali, mkongojo upande mmoja na mume upande wa pili bila kumshika. Mlinzi yule yule alisema shikamoo mama. Hakumkumbuka. Jenifa aliitikia marahaba na kuendelea kutembea. Swaumu aliupima mguu, akaukunja na kuuvuta, akawaambia kilichopotea kwa wiki mbili kimepotea, lakini bado unasikia, asikose tena hata siku moja.

Walifika Mtumba saa saba mchana. Gari lingine lilikuwa kwenye nafasi ya Stanley, linashusha. Respicius alimwonyesha namba yake iliyochorwa mstari, akamwambia mawe yale ayarudishe alikoyatoa au ayafanye anavyojua. Stanley alivua kofia. Alieleza kuhusu mgonjwa, akaeleza kuhusu simu, akasema mwanangu nakuomba. Respicius alitazama kwenye pikapu, akamwona Jenifa amekaa na kilemba chake, akasema kwamba kila dereva ana mgonjwa nyumbani lakini yeye amekuwa wa kwanza kuja naye kazini. Washushaji wakacheka. Kioo cha upande wa Jenifa kilikuwa wazi na alisikia yote, mpaka pale mumewe aliposema ahsante.

Njiani hawakuzungumza, ila safari hii kimya kilikuwa cha watu wawili. Karibu na Nzuguni Jenifa alimwomba asimame, akanunua chapati mbili dirishani kwa pesa iliyotoka chini ya godoro, wakala.

Nyumbani aliteremka mwenyewe, akaenda kukaa kwenye kigoda chake. Stanley alifungua mlango wa nyuma wa bodi, akavua shati, akaanza kushusha. Lilikuwa jambo la kufanya. Kazi imekwenda, laki tisa imekwenda, lakini dereva mwenye akili halilazi gari na mzigo, hilo alifundishwa tangu yuko utingo. Alikwisha shusha jiwe la kwanza. La pili lilikuwa mikononi mwake.

"Ziache hizo mawe," Jenifa alisema. Kiswahili chake huwa kinamponyoka hivyo akichoka.

"Gari halilali na mzigo, mama Debora. Springi zitakufa."

"Hata Alhamisi hazifiki?"

"Alhamisi zitafika. Lakini ukilifanya ndiyo mtindo zinachoka, siku moja zinakatika."

"Zinachukua muda gani?"

Stanley alifikiri. Alifikiri na mengine: kwamba hakuna mteja anayekodi pikapu iliyojaa mawe, kwamba itasimama hapo mlangoni na matairi yake makubwa na mtaa mzima utauliza. Jiwe lilikuwa linamkata viganja.

"Mwezi na nusu," alisema. "Zikijitahidi, miwili."

"Mimi nimebakiwa na mwezi na nusu."

Stanley alilirudisha jiwe kwenye bodi, akalisukuma mpaka likakaa vizuri, kisha akainama kuliokota lile la kwanza.